Mkutano wa 4x4 wakati wa baridi: mahema thelujini, nyumba ya pamoja au jangwani?

Kila kundi la wapenzi wa magari ya porini lina mtu mmoja ambaye, baridi ikishaanza kuuma, hutuma picha ya gari lililozama kwenye theluji hadi usawa wa taa, na chini yake ameandika neno moja: "Lini?" Hapo watu huwaka. Tarehe inatajwa, na baada ya siku tatu mazungumzo yote yamehamia kwenye matairi: nani ana ya inchi 33, nani ana ya 35, nani amefunga winchi mpya, ile mashine ya kuvutia gari kwa kamba, na anatafuta pa kuijaribu. Swali litakaloamua kama watu watakuja tena mwaka ujao bado halijaulizwa. Tukishaegesha jioni na giza likaingia, tutakaa wapi hadi asubuhi?

Nasema hivyo kwa sababu ya hesabu ndogo tu. Kwenye latitudo ya digrii 50, siku fupi kuliko zote, tarehe 21 au 22 Desemba, ina mwanga wa saa nane hivi. Ukipanda hadi digrii 60, hazifiki sita. Kusini mwa ikweta mambo ni yaleyale, ila yanaangukia Juni. Maana yake, katika mkutano wa siku tatu mtaendesha saa chache, na muda uliobaki mtakuwa mmekaa, mmelala au mnatetemeka. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kinyume na ilivyozoeleka: pa kulala kwanza, njia za kuendeshea baadaye.

Makundi mengi huishia kuchagua kati ya mambo matatu: kupiga kambi ya mahema kwenye theluji, kukodi nyumba moja kubwa na kuifanya kituo, mnatoka asubuhi na kurudi jioni, au kuikimbia theluji kabisa na kwenda jangwani, ambako baridi ndiyo msimu wenyewe. Kuna la nne, la kukutana siku moja kila mtu akarudi kwake, nitaligusa kwa ufupi baadaye kwa sababu halina mengi.

Mahema thelujini

Hii ndiyo ile ya kwenye picha, na tusidanganyane, kwa uzuri haina mshindani. Theluji humeza sauti, nyota zinashuka karibu, na asubuhi mkitoka mahemani mnakuta njia haina alama ya tairi hata moja. Aliyewahi kuamka hivyo hataki kusikia habari za nyumba.

Lakini kambi hii inataka watu waliokwisha kulala nje kwenye baridi, na wengi wetu tumeizoea baridi tukiwa nyuma ya usukani, hita imewashwa. Dereva hodari mwenye godoro la upepo la kiangazi ataumia usiku kucha, kwa sababu baridi inayomkosesha mtu usingizi hutoka ardhini kuliko hewani. Anahitaji mkeka mnene wa povu chini ya godoro, na mfuko wa kulalia uliotengenezwa kwa baridi kali kuliko ile inayotarajiwa. Upepo nao una hesabu yake: nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, mwili huzihisi kama 20 chini ya sifuri. Anayekuambia joto la usiku bila kukuambia upepo amekupa nusu ya habari.

Kisha jiko. Butani huchemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, inabaki kimiminika ndani ya mtungi na moto unafifia mbele ya sufuria iliyojaa theluji. Propani haina shida hiyo, maana yenyewe huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Anayesimamia chakula asome maandishi ya mtungi kabla ya kununua, na akumbuke kwamba kuyeyusha theluji ili kupata maji kunakula gesi nyingi kuliko anavyodhani.

Jambo ambalo sitaki kulipitia haraka ni hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Hutoka kwenye jiko lililowashwa ndani ya hema lililofungwa, kwenye mkaa uliobaki na joto kidogo, na kwenye gari lililoachwa linaunguruma huku theluji imeziba bomba la moshi na watu wamelala ndani wakifurahia hita. Hita ya dizeli ni nzuri sana ikiwekwa nje ya hema, bomba lake la moshi likielekezwa mbali, na joto likiingizwa kwa mpira. Kila hema liwe na king'ora cha kugundua hewa hiyo. Mtu akisema king'ora ni gharama isiyo ya lazima, basi huyo hayuko tayari kwa kambi hii, na ni vizuri mmejua mapema.

Asubuhi ndipo mnajua nani alijiandaa. Betri ya kawaida ya asidi, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hubaki na takriban nusu ya nguvu zake za kupiga stata, na wakati huohuo oili imekuwa nzito kama asali na injini inadai nguvu zaidi. Aliyeacha friji na taa za kambi zikinywa umeme wa betri hiyohiyo usiku kucha anaweza kukuta imeganda kabisa, maana betri iliyoisha chaji huganda kuanzia nyuzi 7 hadi 10 hivi chini ya sifuri, ilhali iliyojaa huvumilia hata zaidi ya 50 chini ya sifuri.

Wenye dizeli wana mtihani wao wa ziada. Dizeli ikipoa kupita kiasi hutoa nta, nta inaziba chujio, injini inakata. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha EN 590 kina madaraja ya dizeli kwa baridi: yale ya nchi zenye hali ya wastani yanaishia nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya aktiki yanafika 44 chini ya sifuri. Kwa mkutano hili lina tafsiri moja rahisi. Anayetoka sehemu yenye joto asije na tangi lililojaa dizeli ya kwao. Afike nalo likiwa karibu tupu, ajaze kituo cha mwisho karibu na kambi, kisha aendeshe kidogo ili dizeli mpya ifike kwenye chujio kabla ya kuzima gari usiku.

Kambi ya namna hii naipa magari manane, basi. Na wote wawe wamewahi kulala nje kwenye baridi.

Nyumba moja, safari za kutwa

Ukisikia mtu anasema nyumba inaua ladha ya safari, muulize mara ya mwisho alikausha vipi soksi zake.

Faida ya nyumba si kitanda. Ni sebule na banda. Sebuleni ndiko mkutano wenyewe unakofanyika: watu wanaangalia picha za kutwa, wanabishana kuhusu ule mteremko, na mgeni anapata nafasi ya kukaa karibu na mzoefu na kumuuliza lile swali aliloona haya kuliuliza kwenye redio koli. Kambini, kufikia saa mbili usiku kila mtu amejifungia kwenye hema lake kwa sababu ya baridi, na mkutano umekwisha bila mtu kutangaza. Bandani nako, kama nyumba inalo, shafti iliyokatika inabadilishwa chini ya taa, mikono ikiwa bado ina hisia.

Glavu zinakauka. Betri za redio zinachajiwa. Mwenye mafua analala. Mume au mke asiyejali magari anakuja bila kuburutwa, na watoto wanakuja. Kundi linalotaka kupata watu wapya, kwa maoni yangu, halina njia nyingine. Hakuna anayejiunga na jambo ambalo mara ya kwanza lilimfanya alie.

Ubaya upo. Kila jioni mnarudi palepale, kwa hiyo njia zote lazima ziwe za mzunguko au za kwenda na kurudi, na njia nzuri huenda iko mbali. Kipimo changu ni dakika 40 kutoka mlangoni hadi mwanzo wa njia. Zikiwa 90, na mchana wenyewe una saa nane, mmetupa saa tatu kwenye lami. Pia malipo ya awali yanakufunga. Kambi ya mahema unaweza kuisogeza wiki moja mbele theluji ikichelewa. Nyumba iliyokwisha kulipiwa haisogei.

Na usikodi kwa kuangalia picha. Mpigie mwenye nyumba. Theluji ikianguka usiku, nani anasafisha barabara ya kuingilia, na saa ngapi? Gari lenye trela linaweza kugeuka uani? Kuna soketi nje, kwa wenye hita ya injini? Maji ya moto yanatosha watu wangapi mfululizo? Hili la mwisho linachekesha mpaka mtu wa tisa anapoingia bafuni.

Swali la maegesho nimelifundishwa na maisha. Niliwahi kuwa kwenye mkutano ambao nyumba ilichukua watu 20 bila shida, ila ua ulichukua magari manne. Tulikuwa na 11. Saba yakalala kando ya barabara, kilomita moja chini ya kilima, na alfajiri greda la kusafisha theluji likapita na kuyamwagia ukuta ubavuni. Siku ile ya kwanza tuliendesha kuanzia saa sita mchana.

Jangwani

Kuna watu ambao kwao baridi haina uhusiano wowote na theluji. Hifadhi ya jangwa la Simpson nchini Australia hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi kwa sababu ya joto. Wanaolivuka husubiri miezi ya baridi ya huko, katikati ya mwaka. Kwenye matuta ya Liwa, Falme za Kiarabu, ni hivyohivyo ila kwa kalenda ya kaskazini: magari humiminika joto likishashuka. Marekani, wanaochoshwa na theluji hushuka kwenye mawe mekundu na mchanga wa kusini mwa Utah.

Ukilinganisha na theluji, jangwa lina zawadi mbili kubwa. Ya kwanza ni mwanga. Kwenye latitudo ya digrii 25 siku fupi kabisa bado ina saa kumi na nusu, kwa hiyo mchana mnaendesha na bado mnapata muda wa kupika kabla ya giza. Ya pili ni kwamba gari la kawaida linaweza. Shusha upepo wa matairi hadi psi 15 au 18 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), chukua koleo, vibao vya kujinasulia na pampu ya kurudishia upepo, na mgeni mwenye gari lisilobadilishwa chochote atafuata msafara. Alfajiri mchanga uliopata umande hushikana, na jua la baridi, likiwa chini angani, huchora vivuli vinavyoonyesha mabonde ambayo jua la utosini huyaficha.

Ila hatari imehamia mahali pengine. Thelujini gari hukwama taratibu, na kinachoumiza watu ni usiku. Jangwani usiku unavumilika, hata pale unaposhuka chini ya sifuri, na unashuka kweli. Kinachoumiza ni mchana, kwenye kilele cha tuta ambacho upande wa pili umekatika kama ukuta. Huko kila gari liwe na bendera juu ya mlingoti mrefu ili wawili wanaopanda kutoka pande tofauti waonane kabla ya kukutana. Na tuta likikushinda, rudi nyuma moja kwa moja ulikotoka. Anayegeuza gari kwa ubavu katikati ya mteremko anaomba kupinduka.

Mambo mengine ni ya kubeba. Kuni mnakuja nazo, jangwani hazikusanywi. Maji, panga lita tano kwa mtu kwa siku ya kunywa na kupikia, kisha ongeza za akiba. Mafuta, kumbuka mchanga laini unakula zaidi kuliko lami, na geji ya mafuta haijui hilo.

Nikiyaweka yote matatu ubavuni:

| | Mahema thelujini | Nyumba ya pamoja | Jangwani |
|---|---|---|---|
| Ukubwa wa kundi | hadi magari 8 | 10 hadi 20, mkigawanyika | hata 30, mkigawanyika |
| Mgeni wa kwanza | hapana | ndiyo, ndiye aliyelengwa | ndiyo, akipewa wa kumfundisha |
| Watoto | wachache, wa wazoefu | ndiyo | ndiyo, nguo za usiku zisisahaulike |
| Pesa zinakoenda | vifaa vya kulalia | kodi ya nyumba | mafuta ya safari ndefu |
| Kuahirisha | rahisi | kugumu | rahisi |
| Kinachoharibu mkutano | usiku mmoja mbaya | maegesho, umbali wa njia | gari kupinduka, umbali kutoka msaada |

Mwanzo wa msimu au mwisho wake?

Wengi huchagua mwanzo kwa sababu ya hamu. Mimi nachagua mwisho, na sababu si mwanga peke yake, ingawa kwenye digrii 60 mwisho wa Februari mchana umepita saa kumi. Theluji ya mwanzo huwa nyepesi na chini yake ardhi haijaganda. Tairi linapita kwenye sentimita 15 za weupe, linagusa tope, na mnaacha mifereji ambayo msimu ukiisha itaonekana kama kazi ya trekta. Njia nyingi hufungwa kwa sababu ya wiki mbili kama hizo. Huko Iceland sheria imeliweka wazi: kuendesha nje ya barabara ni marufuku, lakini juu ya theluji inaruhusiwa, mradi ardhi iliyo chini imeganda. Hata pasipo na sheria hiyo, ni kipimo kizuri cha kuchagua tarehe.

Mwisho wa msimu nao una kero zake. Mchana theluji inalegea, asubuhi mlipita juu yake, saa nane mchana mnazama ndani yake, kwa hiyo msafara uondoke mapema na uwe umegeuka kabla ya jua kuchoma. Kwenye milima yenye miteremko mikali, taarifa za maporomoko ya theluji zisomwe kila asubuhi, na siku zikiwa mbaya njia ya bondeni isionekane kama aibu. Walio kusini mwa ikweta wasogeze kalenda: Lesotho, kwa mfano, ambako barabara ya mlimani ya Sani Pass hupanda hadi zaidi ya mita 2,800 na 4x4 ni sharti, theluji hutafutwa kuanzia Juni hadi Agosti.

Na ziwa lililoganda? Kila kundi lina anayelipendekeza. Mwongozo unaotumika sana katika jimbo la Minnesota, ambako watu wamezoea barafu tangu utotoni, unataka unene wa inchi 13, yaani sentimita 33 hivi, kwa pikapu ya wastani, na hiyo ni barafu mpya, ngumu, angavu. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji inahitaji unene maradufu. Na unene wa hapa si unene wa hatua 20 mbele. Magari kumi yakisimama pamoja kupiga picha yamefuta hesabu yote. Hapana. Kapigieni picha ufukweni.

Kumi au arobaini

Watu hupenda kutangaza idadi kubwa. Chukua saa yako badala yake. Tuseme magari 12 yako kwenye msafara mmoja, kila moja linakwama mara moja tu, na kulinasua kunachukua dakika 20. Hizo ni saa nne. Nusu ya mchana wenu imeisha mkiwa mmesimama kwenye baridi mkiangalia mtu akifukua ekseli. Magari matano au sita kwa msafara ndiyo kikomo changu thelujini, kila msafara ukiwa na kiongozi anayeijua njia, gari la mkia lenye dereva mzoefu kuliko wote, na redio mbili zilizojaribiwa kabla ya kuondoka. Wengi huweka mzoefu mbele. Aliye mbele anaweza kugeuka. Aliye nyuma ndiye atakayekuta kilichoharibika.

Mkiwa 18, basi ni misafara mitatu, njia tatu, na nyumba moja ya kukutania jioni. Hapo ndipo nyumba inapozidi kambi kwa mbali: misafara inaweza kutofautiana kwa ugumu bila mtu kujiona amewekwa na wanyonge, kwa sababu wote wanakula pamoja.

Vitu ambavyo watu hubishania bure, na kimoja wasichobishania

Matairi kwanza, maana najua mnasubiri. Minyororo dhidi ya matairi mapana ni ubishi wa watu wanaozungumzia theluji mbili tofauti. Juu ya barafu na theluji iliyoshindiliwa, mnyororo unang'ata, na hakuna tairi linaloufikia. Kwenye theluji laini yenye kina, mnyororo huelekea kuchimba na kulikalisha gari kwenye chesisi, ambapo magurudumu yote manne yanazunguka hewani kwa heshima. Huko kinachosaidia ni kuelea: Waiceland hufunga matairi ya inchi 38 na zaidi na kuyashusha hadi psi chache tu. Usiige psi zao kwa tairi lako la kawaida, litachomoka kwenye rimu. Kama unanunua kwa ajili ya safari hii, tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake haithibitishi kuwa tairi limefanyiwa jaribio hilo la theluji. Na pima upepo wa tairi mkiwa kambini, usiufuate uliopima nyumbani. Kila joto linaposhuka nyuzi tano na nusu hivi, psi moja inapotea. Tairi lenye psi 35 kwenye gereji yenye nyuzi 20 litakuwa kama 29 kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, bila tundu lolote.

Difuloki, yaani kifaa kinachofunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja. Kwenye theluji ya tambarare ni rafiki. Kwenye mteremko wa ubavu ni adui, maana magurudumu mawili ya nyuma yakiteleza pamoja, mkia wa gari unashuka chini wenyewe. Wageni waambiwe hili asubuhi, kabla hawajafurahia swichi.

Kisichobishaniwa, na kinachostahili, ni mahali pa kufungia kamba. Kamba ya nailoni inayonyumbuka hulivuta gari kwa upole kuliko mkanda mgumu, nayo ndiyo ya theluji na mchanga, sawa. Lakini iwe kamba ipi, ikifungwa kwenye ile tufe ya chuma ya kukokotea trela, tufe inaweza kukatika na kuruka kama risasi. Kabla ya msafara kuondoka, kila dereva aonyeshe kwa kidole pointi yake ya kuvutia, mbele na nyuma. Asiyekuwa nayo hatoki, hata kama ametoka mbali. Inachukua dakika kumi kwa magari sita, na ni afadhali ugomvi huo uje uani kuliko bondeni.

Pesa, na ile siku moja

Kambi kila mtu ajigharamie, mchange kuni na gesi tu. Nyumba ichangiwe kwa kichwa, si kwa gari, na atakayejitoa baada ya tarehe fulani asirudishiwe. Andikeni hilo kabla ya pesa ya kwanza kupokelewa, kwa sababu baada ya hapo litaonekana limeandikwa kwa ajili ya mtu. Mafuta ya anayemvuta mwenzake asubuhi nzima, mimi huona ni haki yalipwe na mfuko wa wote.

Mkutano wa siku moja unafaa kundi lisilojuana. Njia fupi, moto, chai, kila mtu nyumbani kabla ya giza. Hauna usiku, kwa hiyo hauna hatari nyingi, na hauna mkutano mwingi pia.

Ningechagua nini

Kundi lililowahi kulala nje pamoja misimu miwili na halizidi magari manane: mahema, mwisho wa msimu, na nyumba ya mtu iliyo karibu ijulikane ilipo endapo mmoja ataugua. Kundi lenye magari ya kawaida na watu wanaotaka kuendesha kuliko kukaa: jangwa, hata kama ni siku nzima ya safari kulifikia. Wengine wote, na ndio wengi wetu, wachukue nyumba, usiku tatu, wiki za mwisho za baridi, misafara ya magari matano matano, dakika 40 hadi njiani, ua uliopimwa kwa hatua na mtu aliyefika mwenyewe.

Yule mtuma picha asinyimwe theluji yake. Mpeni nafasi ya hema nyuma ya nyumba, na mlango wa jikoni usifungwe kwa ufunguo usiku huo.